TIN ipi unaulizwa? Yaliyonikuta nikirasimisha biashara ya dagaa na mawese Kigoma

Ukifanya biashara Kigoma na Kiingereza chako ni cha kuungaunga kama changu, kuna neno la herufi tatu litakalokuandama: TIN. Utalikuta dirishani unapofuatilia leseni. Utalikuta kwenye ankara ya mteja wa Dar es Salaam, kwenye karatasi ya vipimo vya ubora, hata kwenye simu ya kijana wako anayehangaikia hela za YouTube. Kila mahali limeandikwa vilevile, na kila mahali linaomba kitu kingine. Mimi limenila hela, siku za soko na maneno makali na mteja niliyemhitaji. Naandika kwa ajili ya akina mama wenzangu wa Kibirizi, Ujiji na Katonga, wanaonisimamisha njiani kuniuliza, "Mama, hivi TIN wanaitaka ya nini tena?"

Kwa miaka mingi nimeuza dagaa wakavu na mawese bila karatasi yoyote zaidi ya kile kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000, vile vilivyoanza kugawiwa mwishoni mwa 2018 enzi za Rais Magufuli. Kilikuwa cha watu wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, na kwa anayeuza kwa sado na chupa kilitosha kabisa. Kisha akatokea mteja wa Dar anayetaka mzigo kila mwezi, malipo yapitie benki. Huyo alitaka ankara, leseni, na kabla ya yote TIN.

Nilipita kwa mama Ujiji kumweleza. Mama amesomesha watoto Kurani tangu sijaolewa, masikio yake yanasikia vya kwake. Nikamwambia, "Mama, wananidai TIN." Akadakia pale pale, "Wattiini wazzaytuun," akaisoma sura mpaka mwisho, kisha akaniuliza tangu lini nimeingia kwenye biashara ya matunda. Na kweli, kwa Kiswahili tini ni tunda, ndilo lililoapiwa mwanzoni mwa sura ya 95. Nilipomfafanulia kwamba ni mambo ya kodi, akaacha kucheka. "Kama ni kodi, nenda kwa miguu yako. Usimtume mtu."

Nilikwenda kwa miguu yangu, ila njia inapita mbele ya steshenari, na steshenari hazikosi vijana. "Mama, TIN hapa dakika kumi tu." Hizo dakika kumi zilikuwa na bei ambayo ningenunulia dagaa wa kutosha kufungua meza. Sasa sikia: TIN inatolewa bure. Narudia kwa sababu kila ninayemwambia hunitazama kama namtania. Mamlaka ya Mapato haitozi hata shilingi moja kukupa namba hiyo. Unachomlipa kijana ni kazi yake ya kuchapa na bando lake, na hilo halina ubaya mkikubaliana bei kabla. Ubaya unaanza mfumo ukikataa.

Na ulikataa. Kijana aliingiza namba yangu ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa yenye tarakimu 20, ikaja habari kwamba mtu huyu tayari anayo TIN. Akajaribu tena, wapi. Akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nyumbani kuna kitambulisho cha mzee? Tuweke cha mzee, iishe." Nikamwomba karatasi zangu nikaondoka. Hebu fikiria: TIN ya mume, leseni kwa jina la mume, akaunti ya benki kwa jina langu, na deni likija linamtafuta mtu ambaye hajawahi kushika hata sado. Najua wanawake zaidi ya mmoja hapa mjini ambao biashara zao kwenye karatasi ni za shemeji. Siku shemeji akigombana na kaka, meza inaondoka.

Kwenye ofisi yenyewe dada wa dirishani alinieleza bila hata kunyanyua macho kwenye kompyuta. Miaka ya nyuma tulinunua pikipiki, ikasajiliwa kwa jina langu, na usajili wa chombo cha moto hauendi bila TIN. Basi nilikuwa nayo muda wote bila kuikumbuka, ile inayoitwa TIN isiyo ya biashara. Wenye leseni za udereva nao wanayo, waulize. Mtu mmoja anakuwa na TIN moja tu. Kama ulipewa kwa ajili ya gari au leseni ya udereva na sasa unataka kuuza dagaa, huombi mpya; unaomba ile ile iandikishwe kwa biashara, kwa jina la biashara na mahali ilipo. Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu, kaa chini ukumbuke: umewahi kununua pikipiki? Umewahi kuomba leseni ya udereva? Kijana wa steshenari hawezi kukukumbushia hayo.

Kifupi chenyewe ni cha maneno ya Kiingereza, Taxpayer Identification Number, yaani namba ya utambulisho wa mlipakodi, na ina tarakimu tisa. Sisi tunasema "TIN namba", ambayo ukiifungua ni namba ya namba. Hata maofisa wanasema hivyo. Acha tuseme.

Kuandikishwa hakuishii kwenye namba. Mbele yake kuna makadirio, na hapo ndipo watu wanapoumia kwa kutojua wanaulizwa nini. Aliyenitangulia kwenye benchi, mzee wa makamo mwenye duka la vipuri vya baiskeli, aliulizwa mauzo yake ya mwaka akajibu mtaji. Akaulizwa tena, akajibu faida. Ofisa akawa anaandika tu. Kodi ya mfanyabiashara mdogo wa kukadiriwa inahesabiwa kwenye mauzo, ile hela yote iliyoingia mkononi kwa kuuza, kabla hujatoa ya kununulia mzigo, nauli wala ya mchukuzi. Ukitaja faida umepunguza mauzo yako na utaonekana mwongo. Ukitaja mtaji hujajibu swali.

Viwango nilivyovikuta mimi vilikuwa hivi. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi hiyo. Kuanzia hapo hadi milioni 7, asiyetunza kumbukumbu analipa shilingi 100,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Zaidi ya milioni 7 hadi 11, asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Mwenye nazo analipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Sasa tia hesabu. Mauzo ya milioni 6 kwa mwenye daftari ni shilingi 60,000, kwa asiye nalo ni laki moja. Mauzo ya milioni 9 kwa mwenye daftari ni 150,000, kwa mwingine laki mbili na nusu. Tofauti hiyo inanunua madaftari ya ukoo mzima. Mimi nilikuwa na kaunta buku la jalada jeusi lenye madoa ya mawese kila ukurasa, nikaliweka mezani kwa aibu. Ofisa akalifungua kwa ncha ya kalamu asichafuke, akalisoma. Liliniokoa. Viwango hivi hubadilishwa na sheria ya fedha inayoanza kila Julai, kwa hiyo uliza vya mwaka wako, usinukuu vyangu dirishani.

Malipo yanagawanywa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Unapewa kontroli namba, unalipa benki au kwa simu. Ukishalipa ndipo unapata hati ya kuthibitisha hudaiwi, na hiyo ndiyo unayoipeleka Manispaa ya Kigoma Ujiji kufuata leseni ya biashara. Manispaa sikukwama, ilikuwa foleni tu.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe hiyo ilikuwa TIN ya kwanza.

Mteja wa Dar alinitumia ankara yake ya mfano, imeandikwa Kiingereza tupu. Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne na ndiye mtu wangu wa kompyuta, akaijaza. Juu kulikuwa na mahali pa TIN. Chini, kwenye jedwali la bidhaa, kulikuwa na safu yenye neno hilohilo kwa herufi ndogo, tin. Yeye akaona ni lilelile, akaandika namba yangu ya kodi sehemu zote mbili. Ikaenda. Kesho yake mhasibu wa upande wa pili akapiga simu. "Dada, samahani, hii oda ya mawese tumeipokea, ila umetuandikia makopo milioni mia moja na kitu. Kigoma yote mna michikichi mingapi?" Mpwa wangu alikuwa amekaa karibu, simu iko kwenye spika. Alitoka nje akajifanya anaita mbuzi.

Lile la chini lilikuwa neno kamili la Kiingereza, halikuwa kifupi cha kitu. Maana yake chombo cha bati: kopo, mkebe, hata debe. Waingereza wana neno moja pale ambapo sisi tunayo matatu au manne, na kila moja kwetu lina ujazo wake kichwani mwa mtu. Makopo milioni mia yalituchekesha wote. Kilichofuata hakikuchekesha.

Tulirekebisha idadi, tukaacha bei. Bei ile ilikuwa ya debe, kwa sababu shuleni mpwa wangu alifundishwa kwamba debe kwa Kiingereza ni tin. Mhasibu kule Dar akili yake ilikuwa kwenye kopo la dukani, la ukubwa wa kopo la nyanya. Akaona bei ya kopo moja la mawese inafika bei ya debe zima, kwa sababu ndiyo ilikuwa bei ya debe zima, akahisi anaibiwa. Akaandika ujumbe mkali. Na mimi, niliyekuwa nimeshapunguza bei mpaka mfupa, nikajibu kwa ukali zaidi. Tulirushiana maneno kwenye simu hadi bosi wake akaingilia na kuuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mwanzo: "Mama, hiyo tin yako inaingia lita ngapi?"

Hapo nikagundua hata mimi na wauzaji wa vijijini hatukubaliani. Debe la asili ni lile la mafuta ya taa la zamani, la galoni 4 za Kiingereza, kama lita 18 hivi. Dumu la plastiki la njano ni lita 20. Watu wa Simbo wanaoniletea mawese husema debe huku wakimimina kwenye dumu, na wengine husema debe wakimaanisha debe kweli. Kwenye debe moja tofauti haifiki lita 2, unaipuuza. Kwenye madebe 50 ni karibu lita 90, na hizo ni hela za mtu. Tangu hapo ankara zangu zina lita kwa mawese na kilo kwa dagaa, basi. Kiingereza waweke wao, lita ni lita popote. Na wewe unayeuza kwa sado, pima sado yako kwenye mzani mara moja uandike ni kilo ngapi za dagaa wakavu na ngapi za wale ambao hawajakauka vizuri, utashangaa.

Bosi yule alipoelewa, akaja na wazo jingine: mawese yafungwe kwenye makopo yenye lebo, yakae kwenye rafu za maduka makubwa. Akatuma karatasi ya masharti ya ubora, kurasa kadhaa za majedwali. Katikati ya orodha, baada ya risasi na vitu vingine vya kutisha, ukasimama mstari: Tin, 250 mg/kg. Mpwa wangu, ambaye sasa alikuwa anaogopa neno lenyewe, alinisogezea karatasi bila kugusa kitu. "Shangazi, hapa sijazi."

Alifanya vizuri. Nilibeba karatasi ile hadi kwa watu wa SIDO, ambao wana ofisi hapa Kigoma na ndio wanaotusaidia wasindikaji wadogo kabla hatujafika TBS, shirika la viwango. Mtaalamu mmoja, kijana mpole, alinielewesha na kopo la nyanya mkononi. Tin ya hapo ni madini, bati lenyewe. Wanakemia wanaliandika Sn, kutoka kwenye jina lake la Kilatini. Kopo la chakula ni chuma chembamba kilichopakwa bati ili kisishike kutu, na mengi hupakwa tena rangi maalumu kwa ndani. Chakula chenye uchachu, kama nyanya au nanasi, huweza kulimumunya bati hilo kidogokidogo, na likizidi linachafua tumbo. Kwa hiyo viwango vya kimataifa vya chakula, Codex, vimeweka kikomo: miligramu 250 kwa kila kilo ya chakula cha kopo, na 150 kwa vinywaji vya kopo. Karatasi haikuwa inaniuliza namba yoyote. Ilikuwa inanipa mpaka, na anayethibitisha kama umevuka ni maabara.

Kisha akaongeza jambo ambalo nimelibeba hadi jikoni kwangu: kopo la nyanya likishafunguliwa, usirudishe kilichobaki kwenye kopo hilohilo ukaweka kwenye friji. Hewa ikiingia, bati linamumunyika haraka zaidi. Hamishia kwenye bakuli.

Nikamuuliza kuhusu paa langu, maana nalo tunaita bati. Akacheka, akasema paa langu ni chuma kilichopakwa zinki, bati la kweli halimo. Bati la kweli ni ghali na ni laini, linayeyuka kwenye nyuzi 232 hivi. Ukitaka kuliona, nenda kwa mafundi simu pale Mwanga uangalie ile waya wanayochomea, wanayoiita risasi. Kwa kawaida bati limo ndani kwa wingi kuliko hiyo risasi yenyewe. Na kwa sisi wa Kigoma liko karibu kuliko tunavyodhani: Manono, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, ni mji uliokua kwa machimbo ya bati tangu enzi za Wabelgiji.

Makopo niliyaacha. Mashine ya kufunga kopo ni hela ambayo sina, na mawese kwenye chupa za plastiki safi zenye kifuniko cha kuvunjia yanauzika vizuri tu. Mteja alinung'unika kidogo, akakubali.

Upande wa majirani mambo yana majina mengine, na Kigoma majirani ndio wateja. Mrundi akikuandikia karatasi ya Kifaransa atakuuliza NIF, na Mkongo mara nyingi Numéro Impôt. Ni kitu kilekile, namba ya kodi, ila kwa Kifaransa. Waganda na Wanyarwanda wanasema TIN kama sisi. Wazambia, ambao nao wako kwenye ziwa letu, wanasema TPIN. Wakenya wanasema PIN.

Hapo kwa Wakenya nusura niharibu biashara kwa sababu nzuri. Mnunuzi wa Nairobi, tuliyekuwa tumeshazoeana kwenye WhatsApp, aliniandikia usiku nimtumie PIN ili akamilishe karatasi zake. Kwangu PIN ni ile siri ya tarakimu nne ya hela za simu, na nimeshuhudia mwanamke wa Bangwe akilia mbele ya wakala baada ya kuitaja kwa mtu aliyejiita wa mtandao. Nikamfungia kabisa yule Mkenya. Alipita kwa dalali wetu kulalamika, ndipo nikaambiwa kwamba kwao PIN ya mamlaka ya mapato ni herufi moja, tarakimu tisa, kisha herufi nyingine mwishoni, na kila mfanyabiashara anayo. Nilimfungulia, nikamwomba radhi, tukaendelea. Hata hivyo sijutii kumfungia. Ukiulizwa PIN na mtu yeyote, hata rafiki, mwambie aandike kwa maneno kamili anataka nini. Mwenye nia njema hakasiriki.

TIN haina usiri wa namna hiyo. Ya muuzaji imechapwa kwenye kila risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, angalia risiti yoyote mkobani mwako. Kuonyesha hakuna tatizo. Kuazimisha ndiko kwenye tatizo, na hapa naomba mnisikilize. Atakuja mtu mstaarabu, pengine wa kanisani au msikitini kwenu, aseme ana mzigo bandarini, TIN yake ina shida ndogo, umwazime yako autoe tu, na atakushika mkono. Mzigo ukitoka kwa TIN yako, kwenye kumbukumbu wewe ndiye uliyeuingiza. Mwaka ujao ukikadiriwa, ofisa anaona mama wa dagaa aliyeagiza mali ya mamilioni, na yule mstaarabu namba yake haipatikani. Nilishafuatwa hivyo. Nilimjibu kwamba TIN ni kama mswaki, akadhani natania.

Ya mwisho ililetwa na mpwa wangu mwenyewe, safari hii kwa shida zake. Anarekodi video za wavuvi wa Katonga wakitoka usiku na taa, wakirudi alfajiri, dagaa wakianikwa, na watu wanazitazama, wengine wako Marekani. YouTube ikamwambia ajaze taarifa za kodi za Marekani ndipo alipwe vizuri. Fomu inaitwa W-8BEN, na ndani yake TIN inatokea mara mbili. Moja ni ya Marekani, ya watu wenye namba za huko. Ya pili ni ya nchi yako unayoishi, nayo inaandikwa TIN ya kigeni, kwa sababu kwa Mmarekani wageni ni sisi. Hiyo ya pili ndiyo tunayoandika tarakimu zetu tisa za Tanzania. Ile ya kwanza unaiacha wazi.

Kuhusu hela, asitegemee muujiza. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo anakatwa asilimia 30, lakini ni ya kile tu kinachotokana na watazamaji walioko Marekani. Kile cha watazamaji wa Dar, Nairobi au Uvira hakiguswi na Mmarekani. Angekaa bila kujaza fomu, wangeweza kumkata hadi asilimia 24 ya mapato yote ya dunia nzima. Watazamaji wake wengi ni wa Afrika Mashariki, kwa hiyo kujaza kulimpa nafuu kubwa. Yeye hakuwa na TIN, tukaenda kumfuatilia pamoja, na safari hii steshenari tuliipita tukiangalia mbele.

Baada ya yote hayo kuna jambo ambalo hakuna fomu inayokueleza: TIN ya biashara hailali hata biashara ikilala. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zote nne, ili samaki na dagaa wapate kuzaliana. Tarehe 30 Juni, siku ya awamu ya pili, iliangukia katikati. Meza za Kibirizi zilikuwa tupu, lakini makadirio yalikuwa yameshafanywa tangu mwanzo wa mwaka, na kompyuta ya mapato haijui kwamba mitumbwi imepandishwa mchangani. Shoga yangu mmoja alifunga kibanda akaenda kwa wakwe zake Kasulu kulima, akidhani kwamba asiyeuza hadaiwi. Aliporudi alikuta deni lake limekaa pale pale, limeongezewa na riba.

Mimi nilikuwa na mawese ya kunishikilia, na nilikuwa nimeshazoea kwenda dirishani. Niliandika barua kuomba makadirio yaangaliwe upya. Haikuwa ndefu: jina, TIN, biashara iko wapi, tarehe ambayo mauzo ya dagaa yalisimama na sababu yake, na nakala za kurasa za kaunta buku za miezi mitatu kabla ya kufungwa na mwezi mmoja baada ya kufungwa, ili tofauti ionekane kwa macho. Walinikadiria upya, wakapunguza, ingawa haikuwa kwa kiasi nilichoomba. Kama unafunga kabisa, barua iseme unafunga na kuanzia lini, usisubiri watambue wenyewe. Nenda na nakala mbili. Moja inabaki kwao, ya pili wagonge mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Shoga yangu naye ameshaandika yake, amechelewa lakini ameandika, na wamemkubalia alipe lile deni kidogokidogo.